Alama za utafutaji: kwa nini nyaraka asili hazionekani ninapotafuta mtandaoni?

Mdadisi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandaa makala ndefu kuhusu chanjo za malaria. Ninachokihitaji si habari za magazeti bali nyaraka zenyewe za Shirika la Afya Duniani: miongozo, ripoti za kitaalamu na matamko yaliyotolewa kuanzia Oktoba 2021, shirika hilo lilipopendekeza chanjo ya kwanza, RTS,S, hadi Oktoba 2023 lilipopendekeza ya pili, R21. Kila nikiandika maneno yangu katika Google ninaletewa habari ileile iliyonakiliwa na tovuti moja kutoka kwa nyingine, huku nyaraka asili, kama zimo, zikiwa zimezama katika kurasa za matokeo ambazo hakuna mtu anayezifikia.

Nimesoma kwamba zipo alama na maneno maalumu yanayoiwekea injini ya utafutaji masharti, nami nikaandika hivi:

chanjo ya malaria site: who.int filetype: pdf AND R21 NOT habari

Matokeo hayakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Naomba kufahamishwa amri hiyo inakwama wapi. Ni zipi kati ya alama hizi zinazofanya kazi hadi sasa, maana orodha ninazozikuta mtandaoni zinapingana. Na kama kuna jambo la pekee la kuzingatia mtu anapotafuta kwa Kiswahili. Natanguliza shukrani.

Mkutubi

Ndugu Mdadisi, amri yako inakwamishwa kwanza na nafasi. Baada ya site: na baada ya filetype: umeacha nafasi kabla ya kinachofuata, na Google ikikuta nafasi hiyo haisomi tena sharti bali maneno ya kawaida. Nukta mbili ni lazima zigusane na neno linalofuata, yaani site:who.int (matokeo ya tovuti ya Shirika la Afya Duniani tu) na filetype:pdf (faili za aina hiyo tu). Wanaotumia simu wawe macho zaidi hapa, kwa sababu kibodi nyingi za simu hujiongezea nafasi mara tu unapochagua neno katika mapendekezo yake, na nafasi hiyo ni rahisi kupita bila kuonekana.

Neno AND katika Google halidhuru wala halisaidii, kwani maneno yote unayoyaandika huchukuliwa tangu mwanzo kuwa yanatafutwa kwa pamoja. NOT ni jambo jingine: Google hailitumii kuondoa neno. Kazi hiyo hufanywa na alama ya kutoa iliyobandikwa mbele ya neno, ikitanguliwa na nafasi lakini isifuatwe na nafasi. Anayetaka kusoma habari za kisiwa cha Java bila kuzamishwa na lugha ya programu yenye jina hilo ataandika: Java kisiwa -programu.

Hata hivyo, kasoro kubwa ya amri yako haimo katika alama. Umetafuta kwa maneno ya Kiswahili ndani ya tovuti ambayo nyaraka zake za kitaalamu huandikwa zaidi kwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili si mojawapo. Injini ya utafutaji hujenga faharasa inayoonyesha kila neno limo katika kurasa zipi, kisha hutafuta katika faharasa hiyo na si katika mtandao wenyewe. Alama hizi ni chekeche juu ya faharasa hiyo: zinapunguza kilichopatikana, lakini haziwezi kuleta waraka ambao haukubeba neno ulilolitaja. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya alama yoyote ni hili: aliyeuandika waraka ninaoutafuta alitumia maneno gani, na aliuweka wapi? Kwa bahati nzuri yako, malaria na R21 huandikwa hivyo hivyo katika lugha nyingi. Andika:

malaria R21 site:who.int filetype:pdf

Sharti la site: halihusu ukurasa wa mbele tu. Hujumuisha pia matawi ya tovuti hiyo, likiwemo hifadhi ya machapisho ya shirika iliyoko iris.who.int, na unaweza kulibana zaidi kwa kuandika site:iris.who.int au hata kutaja sehemu ya anwani, kama site:who.int/publications. Sharti la filetype: nalo halikomei kwenye PDF. Anayetafuta majedwali ya takwimu ajaribu xlsx, na anayetafuta mada zilizowasilishwa mikutanoni ajaribu pptx. Mara nyingi huko ndiko zilikojificha takwimu ambazo ripoti imezitaja kwa mstari mmoja tu.

Nakushauri, hata hivyo, urudie utafutaji huohuo bila filetype:, kwa sababu hifadhi nyingi za machapisho huweka ukurasa wa utambulisho wenye jina la waraka, tarehe na kiungo cha kupakua, na wakati mwingine ni ukurasa huo ulioingia katika faharasa wakati faili lenyewe halikuingia.

Sasa alama za kunukuu, ambazo kwa maoni yangu ndizo zenye manufaa kuliko nyingine zote na ndizo zinazotumiwa vibaya zaidi. Ukiandika maneno bila alama hizo, Google hujipa ruhusa ya kutafuta visawe, maumbo mengine ya neno na hata kusahihisha tahajia yako. Ukiyafungia ndani ya alama za kunukuu, unaidai mfuatano huohuo. Hata neno moja linaweza kufungiwa. Tangu Agosti 2022 maelezo mafupi yaliyo chini ya kila kiungo huundwa kuzunguka mahali maneno hayo yalipo katika ukurasa, jambo linalokuwezesha kuona muktadha kabla ya kufungua chochote.

Kwa tatizo lako la habari zilizonakiliwa, fanya hivi. Chukua mojawapo ya habari hizo, uachane na kichwa chake na aya ya kwanza, ambazo kila mhariri huzibadilisha, ushuke hadi katikati palipo na maneno ya ofisa au sentensi yenye takwimu. Nakili maneno kama saba au manane yanayofuatana, yasiyo ya kawaida, uyafungie katika alama za kunukuu, kisha uongeze -site: ikifuatiwa na anwani ya tovuti ulikoyatoa. Utaona nani mwingine anayo. Ikiwa kuna toleo la asili katika lugha hiyo, kwa kawaida halichukui muda kujitokeza, na utalitambua kwa kuwa lina maelezo ambayo wengine wote wameyakata. Usinukuu sentensi nzima yenye maneno thelathini, kwa sababu neno moja likibadilishwa na mhariri, mfuatano umevunjika na hutapata kitu. Isitoshe, Google haizingatii zaidi ya maneno 32 katika swali moja.

Fundi Wavuti

Mkutubi amefafanua vizuri, nami nitajibu swali la pili. Orodha unazozikuta zinapingana kwa sababu nyingi ziliandikwa zamani na hakuna aliyezipitia tena, wakati alama hizi huondolewa bila kelele nyingi. Alama ya kujumlisha, iliyokuwa ikilazimisha neno liwemo, Google iliiacha mwaka 2011 na kuwaelekeza watu kwenye alama za kunukuu; mwaka huohuo iliongeza katika menyu ya zana chaguo la kutafuta maneno kama yalivyoandikwa, ambalo bado lipo na linasaidia pale unapochoka kufungia kila neno. Alama ya wimbi iliyokuwa ikileta visawe iliondolewa 2013. Sharti la link:, lililoonyesha kurasa zinazounganisha kwenye ukurasa fulani, liliachwa 2017. Related:, lililoleta tovuti zinazofanana na uliyoitaja, likafuata 2023. Na cache:, lililokuwa kimbilio la wengi ukurasa unapokataa kufunguka, likaondolewa 2024. Kwa kurasa zilizofutwa au kubadilishwa, njia iliyobaki ni Wayback Machine ya Internet Archive, ambako unabandika anwani ya ukurasa na kuchagua tarehe.

Zinazofanya kazi na zinazofaa kukaririwa ni chache: alama za kunukuu, alama ya kutoa, site:, filetype:, intitle: kwa neno lililomo katika kichwa cha ukurasa, inurl: kwa neno lililomo katika anwani, OR (yaani "au") kwa herufi kubwa, pamoja na before: na after: kwa tarehe. Nyingine zinazosifiwa katika video fupi huwa hazina matokeo yanayotabirika, na mtu mwenye kazi ya kufanya hana sababu ya kuzibabaikia.

Jambo ambalo orodha hizo huwa hazilisemi ni kwamba kila injini ina sheria zake. Bing hulitambua NOT kwa herufi kubwa, na katika Bing neno OR lina nguvu ndogo kuliko masharti mengine, hivyo ukilichanganya na masharti hayo ni lazima ufungie machaguo yako katika mabano, la sivyo utapata mseto usioutarajia. DuckDuckGo ina utaratibu unaowashangaza wengi: kwa maelezo yake yenyewe, alama ya kutoa mbele ya neno hupunguza tu kurasa zenye neno hilo, haiahidi kuziondoa zote, na alama ya kujumlisha huzizidisha. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba alama ya kutoa haifanyi kazi huenda yupo katika injini ambayo haikumwahidi hivyo.

Na tuwe waangalifu na alama ya kutoa hata katika Google. Mdadisi alitaka kuondoa neno habari. Tovuti nyingi za mashirika zilizoandikwa kwa Kiswahili zina neno hilo katika menyu ya juu ya kila ukurasa, na neno la menyu huhesabika kuwa limo katika ukurasa. Kwa kuliondoa neno hilo unaweza kuondoa pia ukurasa uliokuwa ukiutafuta kwa udi na uvumba. Ni salama zaidi kuondoa tovuti nzima inayokusumbua kwa -site: kuliko kuondoa neno la kawaida.

Mhariri Msomi

Swali la tatu ndilo linalonihusu, kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri matini za Kiswahili na hutafuta kila siku jinsi maneno yanavyotumika.

Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno, na hapo ndipo mtafutaji anapopoteza kurasa nyingi bila kujua. Mtu anayefungia neno wagonjwa katika alama za kunukuu hataletewa ukurasa uliosema mgonjwa. Vitenzi ni vigumu zaidi, kwani alichanjwa, wamechanjwa, watachanjwa na waliochanjwa ni maneno manne tofauti mbele ya faharasa, ingawa kwa msomaji ni tendo moja. Baadhi ya watu hudhani kinyota kitawaokoa, wakaandika sehemu ya neno na kinyota mbele yake. Katika Google kinyota hakijazi sehemu ya neno, hujaza nafasi ya neno zima au maneno kadhaa. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kutaja maumbo kwa OR:

malaria mgonjwa OR wagonjwa OR ugonjwa

Ya pili, ambayo naiona bora, ni kukwepa vitenzi kabisa na kutafuta kwa nomino zisizobadilika katika umoja na wingi. Neno chanjo ni zuri kwa sababu hiyo: moja ni chanjo, mia ni chanjo. Kinachobadilika ni maneno yanayolifuata, maana mwandishi mmoja atasema chanjo ya malaria, mwingine chanjo za malaria, mwingine chanjo dhidi ya malaria, na mwingine chanjo mpya ya malaria. Hapo ndipo kinyota kinapopata kazi yake halali:

"chanjo * malaria"

Amri hiyo moja inakusanya maumbo yote hayo manne, na inaacha ukurasa uliotaja chanjo ya kitu kingine katika aya ya kwanza na malaria katika aya ya mwisho.

Usisahau pia tahajia mbili zinazoishi pamoja, kama maalum na maalumu, wala istilahi mbili za kitu kimoja, kama kompyuta na tarakilishi. Matini za kitaalamu za Kiswahili ni chache mtandaoni kuliko za lugha kubwa, kwa hiyo anayefungia maneno mengi katika alama za kunukuu kwa Kiswahili hufika kwenye ukurasa mtupu mapema kuliko anayefanya hivyo kwa lugha yenye kurasa nyingi. Kwa Kiswahili, legeza kwanza, bana baadaye.

Mdadisi

Ninawashukuru nyote. Amri ya Mkutubi imeleta machapisho ambayo sikuwahi kuyaona, na sasa nabaki na mambo mawili. Ninahitaji kutenganisha kilichoandikwa kabla ya mapendekezo ya 2023 na kilichoandikwa baada yake, na sijui kama before: na after: zinaaminika. Pia, ninaona idadi ya matokeo ikibadilika sana kati ya amri zinazokaribiana, nami nilitaka kuitaja katika makala kama ushahidi kwamba mada moja imeandikwa zaidi kuliko nyingine. Je, inafaa?

Mkutubi

Nianze na la pili: haifai. Idadi hiyo ni makadirio ya haraka yanayotolewa na mashine, na inaweza kubadilika kwa amri ileile hata unapohama kutoka ukurasa wa kwanza wa matokeo hadi wa tano. Itumie kujua kama umebana sana au umelegeza sana, lakini isiingie katika makala kama takwimu.

Kuhusu tarehe, before: na after: zilianza kutumika 2019 na ni rahisi kuziandika. Andika tarehe kamili, yaani mwaka, mwezi na siku kwa mpangilio huo, usije ukabaki na shaka kama mwaka wenyewe umejumuishwa au la:

malaria R21 site:who.int after:2023-09-30 before:2023-11-01

Kinachopimwa hapo ni tarehe ambayo Google imekadiria kuwa ya ukurasa, na makadirio hayo hutokana na dalili mbalimbali. Ukurasa wa 2021 uliorekebishwa kidogo miaka miwili baadaye unaweza kuhesabiwa kuwa mpya, na faili lisilo na tarehe iliyo wazi linaweza kukosekana pande zote mbili. Kwa ajili hiyo tumia tarehe kupunguza rundo, lakini tarehe utakayoinukuu katika makala uisome ndani ya waraka wenyewe, kwenye ukurasa wa haki miliki au wa jina la chapisho.

Msafiri wa Kurasa

Naomba kutofautiana kidogo na mwelekeo wa mazungumzo haya. Injini za siku hizi zinaelewa sentensi za kawaida vizuri kuliko zilivyoelewa zamani, na mtu anayeanza na masharti manne kwa pamoja hujifungia mlango kabla hajajua chumba kina nini. Mimi huanza na maneno matupu, nikasoma matokeo machache kwa lengo moja tu la kuokota msamiati wa wataalamu: jina kamili la waraka, kifupisho, jina la kamati. Baada ya hapo ndipo ninapoongeza sharti moja, nikitazama limebadilisha nini, kisha la pili. Matokeo yakikauka ghafla, ninajua ni sharti lipi la kulegeza.

Wanaoudhiwa na majibu ya akili unde yanayotangulia viungo wajue kwamba tangu 2024 Google ina kichujio kinachoonyesha viungo vya kurasa pekee. Kipo pamoja na vile vya picha, habari na video.

Mkutubi

Ndugu Msafiri, hatupingani. Hata masharti yenyewe ni ya kale kuliko Google. AND, OR na NOT zinatokana na mantiki ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyeandika juu yake 1847 na tena 1854, na wakutubi walikuwa wakiziandika katika hifadhidata za kulipia kama Dialog miaka ya 1970, kabla wavuti haijakuwepo. Desturi yao ilikuwa ileile unayoieleza: kupata msamiati kwanza, kwa sababu kila dakika ya utafutaji ililipiwa.

Ninaitaja historia hiyo kwa kuwa ina matumizi kwa Mdadisi leo. Sehemu kubwa ya matokeo ya kisayansi imo katika hifadhidata zenye kisanduku chake cha kutafutia, na faharasa ya injini ya kawaida huingiza sehemu yake tu. Hapo site: itakufikisha mlangoni, lakini ukiwa ndani tumia sheria za mwenyeji. Kwa mada yako mwenyeji ni PubMed, ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ambayo haitozi chochote. Humo AND, OR na NOT zina nguvu kamili, huandikwa kwa herufi kubwa na husomwa kuanzia kushoto kwenda kulia, hivyo mabano yana maana. Kinyota nacho humo hufanya kile ambacho Mhariri Msomi amesema hakifanyi katika Google, yaani kumalizia neno. Amri yako itakuwa hivi:

malaria[ti] AND vaccin*[ti] AND 2021:2023[dp]

Alama [ti] inadai neno liwe katika kichwa cha makala, na [dp] inataja kipindi cha kuchapishwa. Ukishaisoma orodha hiyo, irudie amri bila kinyota, kwa neno zima na bila [ti], kwa sababu kinyota huizuia PubMed kukuongezea visawe ambavyo kwa kawaida hukuongezea yenyewe, na utaona makala nyingine ambazo amri ya kwanza haikuzigusa.